Programu mpya haioshi vumbi: niliyojifunza kwenye chumba cha emeteri, Bukavu

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu hufika na kompyuta mgongoni. Siwalaumu. Emeteri (mitambo ya kurushia matangazo) za siku hizi zina anwani yake kwenye mtandao, zina ukurasa wa kuziongoza unaofunguka kwa kivinjari, na aliyezitengeneza hutuma faili moja kwa barua pepe na kuahidi kwamba matatizo yamekwisha. Basi kijana akiona taa nyekundu inawaka, swali lake la kwanza huwa: "Gran, tuko ku toleo gani la programu?" Nami humrudishia langu: jana mvua ilinyesha saa ngapi?

Hucheka. Lakini swali langu lina historia.

Redio yetu ni ya jamii, ya wati 500, na mlingoti wake uko kwenye kilima kinachotazama ziwa. Tunasikika Ibanda, Kadutu na Bagira bila shida, tunafika Kabare, na hewa ikituhurumia watu wa kisiwa cha Idjwi hutupigia simu kuomba salamu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mgeni hiyo ni baridi nzuri ya jioni; kwa emeteri ni taabu, maana hewa ya huku ni nyepesi. Chumba kile kile ukikijaza hewa ya Mombasa, kisha ukakijaza hewa ya Bukavu, hii ya pili itakuwa na uzito wa takriban asilimia 86 ya ile ya kwanza. Feni inazunguka kwa kasi ile ile, mkononi unahisi upepo ule ule, lakini hewa inayopita inaondoka na joto pungufu. Vitabu vya emeteri huwa na jedwali linaloonyesha upunguze nguvu kiasi gani kadiri unavyopanda mlima. Ni ukurasa ambao sijawahi kukuta mtu ameukunja kona.

Joto huanza kazi yake kwenye alimantasio, pale umeme wa ukutani unapogeuzwa uwe ule ambao transista zinautaka. Kondensa za humo, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zina kanuni inayojulikana na mafundi wote: joto likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wake hukatika nusu. Ile ambayo ingeishi miaka kumi inaishi mitano. Na kondensa haifi kwa kelele. Voltage ya ndani huanza kuyumba, kompyuta ndogo inayoongoza emeteri inajizima na kujiwasha yenyewe, na kila anayeona hayo anasema programu ina kasoro. Anaagiza toleo jipya, kumbe chujio la hewa halijaoshwa tangu Krismasi.

Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi jekundu la barabara zetu hupanda hadi huku juu, na chujio la sifongo hugeuka rangi ya tofali. Tunalitoa, tunaliosha kwa maji na sabuni ya unga, tunalianika kivulini mpaka likauke kabisa, na kwa muda huo tunaweka la akiba. Wapo wanaolikung'uta ukutani wakalirudisha. Hao wamehamisha vumbi tu. Wapo pia, na hawa ni wabaya zaidi, wanaoliondoa moja kwa moja "ili mashine ipumue". Vumbi likishakaa juu ya sahani za ndani, msimu wa mvua unaleta unyevu, na vumbi lenye unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Nikifungua kifuniko natazama na wageni: mijusi hupenda ule mgongo wenye joto, panya hupenda maganda ya nyaya. Matundu yote ya kebo tumeyaziba kwa wavu wa chuma.

Feni nayo husema mapema kabla ya kufa, ukiwa na sikio. Inaanza kukoroma asubuhi ikiwa baridi, kisha inanyamaza ikipata moto. Fundi akisubiri mpaka ikorome mchana kutwa, amechelewa.

Kitu cha thamani kuliko vyote chumbani mle ni daftari la mistari, la wanafunzi, lililofungwa kwa uzi mezani ili lisitembee. Tunaandika saa, nguvu inayokwenda kwenye anteni, nguvu inayorudi, joto la hewa inayotoka, voltage ya ukutani, na mwisho hali ya hewa nje. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza mimi, na wenzangu waliona ni mambo ya mkulima.

Kisha emeteri ikaanza kupiga kengele ya nguvu inayorudi. Hiyo ni nguvu ambayo anteni imeikataa. Ikizidi inaunguza transista, kwa hiyo emeteri ikiihisi hujipunguza yenyewe, na wasikilizaji wa mbali wanatupotea. Sisi tulizoea kuona wati 3 au 4 zikirudi. Uwiano wa mawimbi (SWR, kipimo cha jinsi anteni inavyoipokea nguvu) ukifika 1.5, asilimia 4 inarudi, ambayo kwetu ni wati 20, na hapo hata chai naiacha. Kengele ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Tukawaandikia waliotuuzia, nao wakajibu siku ile ile: toleo lenu ni la zamani, hili hapa jipya, kipimo chake kimerekebishwa. Kijana wetu alikuwa ameshalipakua kabla sijamaliza kusoma barua.

Tukafungua daftari kwanza. Kila mahali nguvu inayorudi ilipopanda, safu ya mwisho iliandikwa "mvua". Jua likiwaka mpaka saa sita mchana, ilishuka. Hakuna programu inayoloa. Tulizima emeteri, tukapanda mlingoti, na kwenye kiungio cha kebo chini ya anteni ya pili tukakuta shatertoni, utepe wa kuzibia nyaya, imepasuka kwa jua na shaba ndani imegeuka kijani. Tulikata tukatia kiungio kipya, tukakifunga kwanza kwa ule utepe wa mpira unaojishika wenyewe, halafu shatertoni juu yake, kutoka chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike uliotangulia na maji yateremke nje. Karibu na ukuta kebo tukaiachia tumbo, ishuke kidogo kabla ya kupanda kuingia ndani, matone yaishie hapo. Kengele haikulia tena, na programu ilibaki ile ile ya zamani.

(Niliposema tulizima, tulizima. Masafa ya FM, kati ya 87.5 na 108 MHz, yamo katika eneo ambalo mwili wa mtu hunyonya mawimbi kwa urahisi kuliko mengine. Mkurugenzi akisema "punguzeni tu, kuna tangazo la kulipiwa", anayepanda anakaa chini. Ufunguo wa emeteri hukaa mfukoni mwa huyo anayepanda, si mwa mtu mwingine.)

Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, na mji umekua kuliko mashine zake. Jioni kila nyumba ikiwasha jiko, ile 220 inashuka nikaiona 160. Usiku wa manane, watu wamelala, inapita 240. Stabilizateri, kifaa cha kusawazisha voltage, inapigwa pande zote mbili. Halafu kuna delestaji, yaani mgao wa umeme, na umeme ukirudi haurudi kwa adabu: unakuja, unakatika, unakuja tena na voltage ya juu. Tumeweka kichelewesho kinachongoja dakika kadhaa umeme utulie kabla ya kuipa emeteri. Ni kifaa cha bei ndogo, hakina skrini wala toleo, na hakuna sasisho lililowahi kutuokolea vitu vingi kama hicho.

Radi ni habari ndefu. Watafiti waliohesabu radi za dunia kwa setilaiti, katika kazi iliyochapishwa 2016, waliiweka Kabare, jirani yetu hapa, ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake, karibu na Goma, nayo imo katika tano za kwanza. Mtu aliyelala Bukavu mwezi wa Novemba hahitaji setilaiti imweleze, ila namba hiyo inasaidia sana kumshawishi mkurugenzi anunue shaba. Mlingoti, emeteri na mita ya umeme vyote vinashikana kwenye ardhi moja, yaani shaba iliyozikwa udongoni ili umeme wa radi uishie huko; ukiwa na ardhi mbili zisizojuana, radi ikipiga inasafiri kutoka moja kwenda nyingine kwa kupitia mashine yako. Kila kiangazi tunakaza vifungo na kupima, kwa sababu kiangazi udongo unakauka na ardhi inadhoofika, na kwa sababu wezi wa shaba hawana msimu. Emeteri ilipoanza kuunganishwa na mtandao, radi ilipata mlango mwingine: waya wa mtandao wenyewe. Tumeukata, tukaweka kipande cha nyuzi za kioo katikati. Kioo hakipitishi umeme, data inapita.

Sasa programu. Nisionekane mzee anayeogopa kompyuta, maana kuna masasisho niliyoyataka mwenyewe. Ukurasa wa kuongoza emeteri yetu ulitegemea Flash, programu ya nyongeza ya vivinjari vya zamani, na Flash iliachwa rasmi mwishoni mwa 2020. Januari 2021 ikakataa kabisa kuonyesha kitu. Unafungua ukurasa asubuhi unakuta mraba mtupu. Tulirudi kupanda kilima kusoma vipimo kwa macho, iwe mvua iwe jua, mpaka lilipokuja toleo ambalo ukurasa wake hauhitaji Flash. Hilo tuliliweka bila mabishano.

Sababu ya pili ni wavamizi. Februari 2013 kituo cha televisheni huko Montana, Marekani, kilitangaza kwa mfumo wa dharura kwamba wafu wanafufuka na kushambulia watu; vifaa vilikuwa vimeachwa na nywila ya kiwandani. Aprili 2016 vituo kadhaa vya redio nchini humo humo vilijikuta vinarusha mazungumzo ya chumbani, kwa sababu visanduku vinavyopokea sauti kwa intaneti vilikuwa wazi bila ulinzi wa maana. Wamarekani walicheka. Huku Kivu nani angecheka? Volkeno ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu ya Goma ikaamriwa ihame; watu walishuka kwa mashua hadi Bukavu, na studio yetu ilisoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi mpaka sauti ya mtangazaji ikakauka. Saa za namna hiyo watu huamini redio kuliko simu. Maneno mawili ya uongo usiku, kutoka kwa mtu aliyekisia nywila, yangeweza kuwatoa watu majumbani wakimbilie ziwani. Kwa hiyo nywila ya kiwandani inabadilishwa siku emeteri inapofunguliwa kwenye boksi, emeteri haionekani moja kwa moja kwenye intaneti ila kwa njia iliyofungwa ya VPN, na sasisho linaloziba tundu la usalama haliwekwi kiporo. Yale ya "muonekano mpya" yanaweza kusubiri mwaka mzima, wengine wayajaribu kwanza.

Tunavyoliweka ni hivi. Faili tunalipakua mjini, mega zikiwa nafuu, na tunalinganisha alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiharibika) na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Faili lililokatika njiani kwa sababu ya mtandao wetu ni jambo la kawaida. Linapanda kilima kwenye flashi ya USB ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote. Flashi inayobeba nyimbo za harusi haigusi emeteri. Maelezo ya toleo tunayasoma mpaka chini kabisa, kwa maana huko chini ndiko wanakoandika kwamba huwezi kuruka kutoka toleo la pili hadi la nne bila kupitia la tatu. Mpangilio wote tunauhifadhi kama faili, kisha tunapiga picha kila ukurasa wa emeteri na kuandika namba kuu daftarini. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu programu mpya wakati mwingine inalikataa faili la akiba lililotengenezwa na ile ya zamani. Kalamu ya bluu haikataliwi.

Halafu umeme, na hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinatuacha. Kinachoua emeteri wakati wa kusasisha ni umeme kukatika programu ikiwa imeandikwa nusu. Emeteri nzuri zina nafasi mbili za kumbukumbu, zinaandika ya pili huku ya kwanza ikiwa salama, lakini si zote. Ondileri yetu, ile betri ya dharura inayoshika umeme ukikatika, ni ndogo, haiwezi kuibeba emeteri ikiwa hewani. Lakini ukizima mawimbi, ukabaki na ubongo tu unaofanya kazi, emeteri inakula umeme kidogo mno, na ile ile ondileri ndogo inaibeba bila jasho. Kwa hiyo tunazima mawimbi, tunaihamishia kwenye ondileri, na jenereta inanguruma nje ikiwa tayari. Redio inaendelea kusikika kwa emeteri ya zamani ya wati 100, ambayo nitaisema hapa chini.

Saa nayo ilitutafutisha. Ushauri wa kila kitabu ni usiku, wasikilizaji wakiwa wamelala. Hapa usiku voltage iko juu, na kupanda kilima gizani hakuna mwenye akili anayekushauri. Alasiri ni ya ngurumo. Asubuhi sana ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na ukiyagusa hayo utaitwa hadi kwa wazee wa mtaa. Tumekaa kwenye saa nne asubuhi, katikati ya juma: watu wako sokoni na shambani, mawingu hayajakusanyika, na mchana wote uko mbele yako likitokea la kutokea.

Emeteri ikishajiwasha, kazi haijaisha. Tarehe ndiyo ninayoitazama kwanza. Ikisema 1 Januari 1970, ile betri ndogo ya duara ndani imekufa, na rekodi zote za kengele zitakuwa za mwaka ambao redio yetu haikuwepo. Kisha masafa, nguvu, mipaka ya kengele, kimoja kimoja dhidi ya daftari.

Na kuna lile lililotupata ambalo maelezo ya toleo hayakulitaja. Kwenye FM sauti za juu huongezwa nguvu kabla ya kurushwa, na redio ya msikilizaji huzipunguza tena, ili mvumo upungue. Bara la Amerika hutumia kipimo cha mikrosekunde 75. Ulaya na Afrika ni 50. Sasisho lilirudisha 75. Skrini yote ilikuwa kijani, masafa sawa, wati 500 kamili, hakuna kengele. Chini ya kilima kuna mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye redio ya betri iliyofungwa kwa waya, na sisi hatukuwa tumemaliza kukusanya vyombo alipopaza sauti: "Papa, huyu anasoma habari leo anapiga filimbi mu meno?" Kila herufi s ilikuwa inachoma. Ilichukua dakika moja kurudisha 50. Tangu siku hiyo hatua ya mwisho ya sasisho lolote ni kusimama kwenye meza yake dakika kumi, tukinunua sambaza, tukisikiliza hotuba kidogo na wimbo kidogo. Kisikilizio cha bei ghali kilichochomekwa kwenye emeteri kinakuambia kilichotoka. Redio yake inakuambia kilichofika.

Kuhusu ile emeteri ya wati 100: haina anwani ya mtandao, haina ukurasa, ina swichi moja na sindano mbili za vipimo. Vijana wanataka tuiuze, tupate pesa ya kompyuta. Nimekataa, na mkurugenzi kwa mara moja amekuwa upande wangu, kwa sababu bila hiyo kila sasisho lingekuwa ukimya hewani, na ukimya hapa huleta uvumi kabla ya saa moja kuisha. Tatizo lake ni kondensa. Hupatikana kupitia mpaka wa Ruzizi, kutoka Kigali, na sokoni bandia ni nyingi: ganda kubwa, ndani kondensa ndogo. Kwa hiyo kila inayoingia inapimwa kabla ya kuguswa na chuma cha kulehemu, na kijana yule yule wa kompyuta ndiye anayezipima sasa. Za wiki hii ameshazipanga mezani mafungu mawili. Fungu la kurudishwa kwa muuzaji ndilo kubwa.